Mikasa, Hinata au Nezuko? Maana iliyojificha ndani ya majina ya anime

*Habari za kazi. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na tumeambiwa ni msichana. Mimi ni mpenzi wa anime, katuni za Kijapani, tangu sekondari, na tumekubaliana nilete majina matatu tuchague: Mikasa, Hinata na Nezuko. Mama mkwe hana neno, ila ameuliza swali moja: "Lina maana gani?" Nimetafuta mtandaoni nikazidi kuvurugwa. Ichigo wa Bleach, kwa mfano, wengine wanasema ni tunda la stroberi, wengine wanasema ni mlinzi, wengine kumi na tano. Rafiki yangu anasema hayo ni majina tu, watunzi huchagua yanayosikika vizuri. Nani mkweli? Naweza kuitafuta maana mwenyewe nikaiamini? Tena jina tutakalochagua nataka nilichore tatoo kwa kanji, mkononi.*

Mama mkwe ameuliza swali lenyewe hasa. Kwetu jina ni taarifa: Chausiku alizaliwa usiku, Tatu ni wa tatu, Mashaka alikuja wakati wa shida, Otieno naye ana usiku wake. Ukisikia jina umeshapata nusu ya habari. Kwa hiyo umechukua jina la Kijapani ukalitendea vivyo hivyo, ukalitafuta kama neno kwenye kamusi, na hapo ndipo ulipokwama. Jina la Kijapani halifunguki kwa sauti peke yake.

Kuhusu Ichigo, tovuti zote tatu zina haki kwa pamoja, na nitakuonyesha kwa nini. Rafiki yako amekosea kwa wahusika wengi, lakini si kwa wote.

Jina la Kijapani ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: sauti na maandishi. Wajapani wana aina tatu za maandishi, na zote hutumika kwenye majina. Hiragana na katakana ni alama za sauti tu, 46 za msingi kila upande, kila moja ikibeba silabi kama zetu: ka, ki, ku, ke, ko. Hazina maana zaidi ya sauti hiyo. Kanji, zilizotoka China, hubeba maana, na hapo ndipo mambo huanza kunoga. Kanji moja huwa na matamshi kadhaa: moja au zaidi yaliyokuja nayo kutoka China, mengine ya Kijapani cha asili, na mengine yanayotumika kwenye majina ya watu pekee. Upande wa pili, sauti moja inaweza kuandikwa kwa kanji chungu nzima.

Chukua Yuki. Orodha za mtandaoni husema ni "theluji". Ni kweli likiandikwa 雪. Likiandikwa 幸 ni heri, bahati njema. Likiandikwa 由紀 kila kanji ina maana yake, na theluji haimo kabisa. Ukivuta irabu ya kwanza likawa Yuuki, hilo ni jina jingine, na mara nyingi hubeba kanji 勇, ya ushujaa. Herufi zetu za Kilatini huokoa sauti na kuyaacha maandishi nyuma, na aghalabu hata urefu wa irabu hupotea njiani. Anayekuambia "Yuki maana yake theluji" kabla ya kuona limeandikwaje anabahatisha. Waulize wazazi kumi wa Japani wenye watoto wanaoitwa Yuki, huenda ukapata majibu saba.

Sasa Ichigo. Jina lake huandikwa 一護. Kanji ya kwanza ni "moja", ya pili ni "kulinda". Maana ya maandishi ni mtu wa kulinda kitu kimoja, na ndiyo maana rasmi ndani ya hadithi. Lakini kwa sikio, ichigo ni stroberi, tunda ambalo kwa kanji huandikwa 苺, tofauti kabisa. Na ichi ni 1, go ni 5, ndiyo maana namba 15 inamfuata Ichigo kila mahali, hadi siku ya kuzaliwa, tarehe 15 Julai. Mtunzi ameweka maana moja kwenye maandishi na utani mwingine kwenye sauti, akijua msomaji wa Kijapani atavishika vyote kwa mpigo. Sisi wa maandishi ya chini ya skrini tunabaki na sauti tu.

Mchezo huo wa tarakimu una jina lake, goroawase, na Wajapani huutumia hata kukariri namba za simu. Nami wa One Piece amezaliwa tarehe 3 Julai kwa sababu 7 ni na na 3 ni mi. Ndugu zake Sanji wa hadithi hiyohiyo ni namba zilizopangwa foleni: Reiju ni sifuri, Ichiji ni moja, Niji mbili, Sanji tatu, Yonji nne. Mpwani mwenye dada aitwaye Mosi na mdogo wake Pili hahitaji kuelezwa zaidi. Filamu ya Your Name ya mwaka 2016 ilifanya hivyo kwa ustaarabu zaidi: bibi ni Hitoha 一葉, mama ni Futaba 二葉, mabinti ni Mitsuha 三葉 na Yotsuha 四葉. Jani moja, majani mawili, matatu, manne. Ukoo mzima umehesabiwa, na mtazamaji asiyesoma kanji haoni kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko My Hero Academia, kwa sababu hadithi yenyewe imejengwa juu ya matamshi ya kanji. Kijana anaitwa Izuku, 出久. Kanji hizo hizo mbili zinaweza kusomwa "de" na "ku". Bakugo, aliyekua naye, anazisoma hivyo makusudi, na deku kwa Kijapani ni mwanasesere wa mti, kisha kwa matusi ni mtu goigoi asiyefaa kitu. Hakumbandika jina jipya. Tusi lilikuwa limelala ndani ya jina alilopewa na wazazi, yeye akalisoma vibaya tu. Baadaye Ochako, mwanafunzi mwenzake, anamwambia kwamba Deku linamsikikia kama dekiru, yaani "kuweza", na kijana analichukua liwe jina lake la ushujaa. Jina moja, maandishi yale yale, limesomwa mara tatu na kila mara limemgeuza mtu. Tafsiri inayosema "Deku maana yake mjinga" imekupa theluthi ya habari.

Filamu ya Spirited Away ya mwaka 2001 inatumia ufa uleule, kwa huzuni zaidi. Msichana ni Chihiro, 千尋. 千 ni elfu. 尋 ni kipimo cha kale cha upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kile ambacho wavuvi wetu hukiita pima. Pima elfu, kina kisicho na mwisho. Anapotia saini mkataba, mchawi Yubaba anazinyakua kanji za jina lake kutoka kwenye karatasi na kumwachia moja tu, 千. Kanji hiyo ikiwa peke yake haisomwi tena chi, inasomwa kwa sauti ya Kichina: sen. Kwa hiyo Sen si kifupi cha Chihiro kama watu wanavyodhani. Sauti zenyewe hazifanani. Binti amebakiwa na "Elfu", tarakimu kavu, kama kibarua aliyeitwa kwa namba.

Halafu kuna majina ambayo yamekunjwa kwa makusudi yasisomeke. Light wa Death Note huandikwa 夜神月: usiku, mungu, mwezi. Kanji ya mwezi husomwa tsuki, getsu au gatsu. Haisomwi raito popote. Mtunzi amebandika neno la Kiingereza la nuru juu ya mwezi. Wazazi wa Japani nao wamekuwa wakifanya hivyo, na majina ya aina hiyo huitwa kirakira, yaani ya kumetameta. Sheria ya daftari la familia la Japani iliyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 26 Mei 2025 sasa inadai matamshi ya jina yaandikishwe, tena yawe yanayokubalika kwa kawaida. Kabla ya hapo udhibiti ulikuwa juu ya kanji zenyewe: ziko 2,136 za matumizi ya kila siku na 863 za nyongeza kwa ajili ya majina, na nje ya hizo ofisi haipokei. Kanji kuwa halali hakukutosha, lakini. Mwaka 1993 baba mmoja wa mji wa Akishima, Tokyo, alitaka kumwita mwanawe Akuma, yaani shetani, kwa kanji zilizokuwa kwenye orodha, na jambo hilo likawa sakata la nchi nzima.

Si kila fumbo linahitaji kanji. Mengine yako kwenye sauti wazi, na ufunguo wake ni silabi "no", inayofanya kazi ya "-a" yetu ya umiliki, ila mpangilio umegeuzwa: chenye kumiliki hutangulia. Jina la ukoo pia hutangulia. Weka hivyo viwili pamoja usome Naruto upya. Haruno Sakura: haru no sakura, ua la mcheri la majira ya kuchipua. Umino Iruka: umi no iruka, pomboo wa baharini. Hatake Kakashi: hatake ni shamba, kakashi ni sanamu la kuamia ndege. Ukiyaandika kwa mpangilio wa Kizungu, Sakura Haruno, sentensi inavunjika na utani unakufa. Ndiyo maana nakusihi usome majina haya kwa mpangilio wa kwao.

Sailor Moon ndiye bingwa wa mtindo huu. Tsukino Usagi ni tsuki no usagi, sungura wa mwezini. Wajapani wakitazama mabaka ya mwezi mpevu huona sungura mwenye nyundo ya mti akitwanga mochi, kitafunwa cha mchele, kwenye kinu. Sungura wetu wa hadithi ni mjanja wa kumpiga chenga fisi. Wa kwao yuko mwezini anatwanga. Wenzake nao wamefuata majina ya sayari kwa Kijapani: anza na Utaridi, inayoitwa nyota ya maji, na msichana wake ni Mizuno, "wa maji". Mirihi ni nyota ya moto, naye ni Hino, "wa moto". Mshtarii ni nyota ya mti, naye ni Kino. Wa Zuhura ameruka mstari: Zuhura ni nyota ya metali, ila yeye ni Aino, "wa mapenzi".

Mengine yanadai uijue nyumba ya Kijapani ilivyo. Katika Naruto, ukoo wa Uchiha una nembo ya feni ya mkono, kwa sababu uchiha linachezea neno uchiwa, kipepeo cha kupepea. Na ukoo huo sifa yake ni moto. Anayewasha jiko la mkaa kila asubuhi ameshaelewa. Humo humo, Ino, Shikamaru na Choji wanakwenda pamoja daima kwa sababu nguruwe mwitu, paa na kipepeo (yule mdudu) ni karata tatu zinazofunga alama katika mchezo wa hanafuda, ino-shika-cho. Shikamaru tena ni wa ukoo wa Nara, na mji wa Nara unajulikana kwa paa wanaotembea mitaani. Tanjiro wa Demon Slayer ni Kamado, yaani meko, na kanji ya kwanza ya jina lake, 炭, ni mkaa. Familia yake ni wachoma mkaa. Nobara wa Jujutsu Kaisen ni Kugisaki: kugi ni msumari, nobara ni waridi mwitu. Anapigana kwa nyundo na misumari. Todoroki Shoto wa My Hero Academia ana 焦, kuungua, na 凍, kuganda, upande mmoja wa mwili moto na mwingine barafu. Na tukiwa bado kwenye utani, Dragon Ball haijifichi hata kidogo: Saiya ni yasai, mboga, iliyopinduliwa silabi, na humo mna Kakarot wa karoti, Raditz wa figili na Nappa wa mboga za majani.

Hapa sasa nimtetee rafiki yako. Majina mengi ya ukoo ya Japani hayana fumbo lolote. Serikali ilipowalazimisha raia wote kuwa na jina la ukoo mwaka 1875, watu wengi walikuwa na majina ya mandhari: Tanaka ni katikati ya shamba la mpunga, Yamamoto ni chini ya mlima. Mhusika akiitwa Tanaka, mara nyingi mtunzi alitaka mtu wa kawaida tu. Na katika hadithi zenye dunia ya Ulaya kama Attack on Titan, majina huandikwa kwa katakana, hayana kanji kabisa. Yeager ni neno la Kijerumani la mwindaji, Jäger. Anayekuletea "maana ya kanji" ya Eren amejitungia.

Ukitaka kujua mwenyewe, kazi ni ya dakika kumi. Tafuta jina katika maandishi yake ya asili; ukurasa wa Wikipedia wa hadithi au mhusika huwa nayo mwanzoni, na Wikipedia ya Kijapani huonyesha pia matamshi kwa hiragana pembeni. Tenga ukoo na jina. Angalia ni kanji, hiragana au katakana. Kama ni kanji, ziingize moja moja kwenye kamusi ya mtandaoni ya Jisho, ukiongeza #kanji baada ya alama ili upate maana na matamshi yake; ukiongeza #names utaona jina zima husomwaje na watu halisi. Kama ni katakana au hiragana, maana ya maandishi hakuna, kwa hiyo tafuta sauti: andika matamshi uone neno gani la kawaida linafanana nayo. Mwisho, soma ukoo na jina kwa pamoja, kwa sauti, uone kama panazaliwa sentensi.

Watu huharibu katika hatua ya kamusi. Kanji moja huorodheshwa maana tano hadi kumi, msomaji akachagua ile inayomfurahisha. Kosa la pili ni kuliingiza jina kwenye programu ya kutafsiri kwa herufi za Kilatini. Programu itakupa neno lolote lenye sauti hiyo bila kukuambia kwamba yako mengine ishirini. La tatu ni kuchukulia kwamba kila kanji imewekwa kwa maana. Mara nyingine kanji hukopwa kwa sauti tu. Inosuke wa Demon Slayer, anayevaa kichwa cha nguruwe mwitu, huandikwa 伊之助, na hakuna nguruwe humo. Nguruwe yuko masikioni, kwenye ino.

Kiwango changu cha kuamini ni hiki. Mtunzi mwenyewe akisema, kama anavyofanya mtunzi wa One Piece akijibu wasomaji katika kurasa za SBS ndani ya vitabu vyake, kesi imefungwa. Kanji zikilingana waziwazi na kazi au nguvu za mhusika, kama misumari ya Kugisaki, naamini bila shida. Kukiwa na hatua mbili au tatu za kuunganisha, naiita dhana na kuifurahia kama dhana.

Turudi kwa binti yako.

Mikasa. Kwenye hadithi yake, Attack on Titan, ni katakana, ミカサ, kwa hiyo haina maana rasmi ya kumpa mama mkwe. Sikio la Kijapani linasikia 三笠, kofia tatu za kienyeji zile pana za kukinga jua na mvua: ni jina la mlima ulioko Nara na, zaidi ya hapo, la manowari iliyombeba Admirali Togo kwenye vita vya Tsushima mwaka 1905, ambayo mpaka leo imehifadhiwa Yokosuka kama makumbusho. Pia ndilo lile lililoandikwa kwenye mipira ya wavu mliyochezea shuleni. Si jina baya, ila kwa Mjapani si jina la kawaida la msichana. Ni kama kumwita mtoto Mv Liemba. Ukilichagua, lichague kwa sababu ya mhusika, na umwambie mama mkwe hivyo.

Nezuko. Ni dada yake Tanjiro wa Demon Slayer, na huandikwa 禰豆子. Ya mwisho ni "mtoto", kiishio cha kawaida cha majina ya kike. Ya katikati ni maharage au kunde. Ya kwanza ni nadra, hukutana nayo katika neno negi, cheo cha kuhani wa Shinto, dini ya jadi ya Japani. Wengi huunganisha maharage na sikukuu ya Setsubun ya mwanzoni mwa Februari, watu wanaporusha maharage ya soya kufukuza majini, na Nezuko ni jini aliye upande wa watu. Inapendeza sana, lakini iko kwenye rafu yangu ya dhana. Kwa mtoto wa kweli, kasoro yake ni kwamba ni jina la mhusika mmoja, na kila atakayelisikia atamwona yule msichana mwenye mwanzi mdomoni. Akifika miaka thelathini atakuwa bado analieleza.

Hinata. Hili ndilo ningelipigia kura, na maana yake ni safi: mahali penye jua. Wajapani wana neno hinatabokko, na Kiswahili kinalo moja kwa moja: kuota jua. Kuna fumbo la ziada kwa mpenzi wa Naruto. Ukoo wa Hinata ni Hyuga, huandikwa 日向, na kanji hizo hizo mbili husomwa pia Hinata. Yaani msichana yule ameitwa kwa jina la ukoo wake likisomwa kwa namna ya pili. Katika Haikyu ni jina la ukoo la kijana, Hinata Shoyo, mwenye jua mara mbili katika jina lake, akikabiliana na Kageyama, "mlima wa kivuli". Japani wanaitwa hivyo wasichana na wavulana pia, kwa hiyo hata kipimo cha hospitali kikikosea hamtabadilisha jina. Kwa kanji, wazazi huandika 日向, au 陽向, au huacha hiragana ひなた.

Pima jina kwa masikio ya kwetu pia, si ya Tokyo tu. Silabi za Kijapani zinafanana sana na zetu, na hilo ni baraka na mtego. Hinata hutamkika bila kufundishwa, na nyumbani litakatwa kuwa Hina, jambo ambalo wanawake wa pwani watalipenda. Lakini Hana, ambalo Japani ni ua, huku mtoto atasikia "hana nini?" mpaka achoke. Mizuka ni jina la kike zuri kule. Hapa ni mashetani. Na Kuma, dubu wa watu, halitajwi mbele ya wakwe. Nani, lile wanalopiga nalo kelele kwenye kila pambano, kwao ni "nini".

Kwenye cheti cha kuzaliwa litaandikwa kwa herufi za Kilatini tu, kwa hiyo kanji ni ya kwenu nyumbani; mnaweza kuichagua leo au mkamwachia aichague mwenyewe. Andikeni Hinata, bila y, bila h ya ziada, ili pasipoti isije ikamsumbua.

Tatoo ni jambo jingine, maana ngozi haina kifutio. 日向 peke yake inaweza kusomwa Hyuga, ambalo pia ni jina la mji katika mkoa wa Miyazaki, na msomaji hana njia ya kujua ulikusudia lipi. Ukitaka lisomeke Hinata tu, chora ひなた. Ukishikilia kanji, hizi mbili ni nyepesi: mikato 4 na 6. Linganisha na 護 ya Ichigo yenye mikato 20. Ikichorwa chini ya sentimita 2 wino utasambaa na mistari itaungana kuwa doa. Hata kwa hizi nyepesi, sentimita 2 kwenda juu ni salama zaidi. Mpe mchoraji chapa iliyochapishwa kubwa kutoka kwenye fonti ya Kijapani, si ya Kichina, kwa kuwa baadhi ya kanji hutofautiana kidogo. Baada ya kubandika mchoro wa awali, piga picha, hakikisha simu haijaigeuza kama kioo, na uilinganishe mkato kwa mkato kabla ya sindano. Ufahamu pia kwamba mabafu mengi ya chemchemi ya moto Japani huwakataza wenye tatoo kuingia, iwapo una ndoto za kwenda.

Kabla ya hatua hiyo, mwone mtu anayesoma Kijapani ana kwa ana: mwalimu wa lugha chuoni, mtu aliyesoma Japani, au mfanyakazi wa kujitolea kutoka huko. Kitengo cha utamaduni cha ubalozi wa Japani kinaweza kukuelekeza. Usimuulize "hii maana yake nini", atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri. Mwonyeshe karatasi bila maelezo na umuulize: "Hii unaisomaje, na kitu gani kinakujia kwanza kichwani?" Fanya hivyo kwa watu wawili, kila mmoja peke yake. Majibu yakigongana, badilisha maandishi. Na kama ngozi yako huwa inaota makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, hata kwa kutoboa sikio, anza kwa daktari wa ngozi, kwa sababu tatoo inaweza kuleta uvimbe uleule juu ya kila mkato.